Mwenye Gari na Ainame Mvunguni

Kuna neno linalosemwa sana katika vilima vyetu vya Rungwe, nami nataka kulipinga bila kumwonea mtu haya. Neno lenyewe ndilo hili: "Kazi yangu ni kuendesha; kutengeneza ni kazi ya fundi." Husemwa na wenye magari ya milimani, wale wanaopakia ndizi Kyimo, na viazi, na mbao, na wagonjwa pia. Tena husemwa kwa fahari, kana kwamba kutojua kitu ni daraja ya heshima. Na ajabu iko hapa: mtu huyo huyo asiyetaka kushika spana akaze nati moja, ukimtajia habari ya kuongeza springi ili gari libebe magunia zaidi, au kutia matairi makubwa ili lionekane refu, husimama upesi na fedha mkononi. Kulitunza hataki, kuliongeza anataka.

Mimi nasema mambo hayo yamegeuzwa miguu juu, kichwa chini. Mwenye gari yampasa kwanza ajifunze kulitunza na kulitengeneza kwa mikono yake mwenyewe katika mambo yaliyo madogo. Nyongeza na zije baadaye, tena ziwe chache. Na breki asizifanyie hila hata siku moja. Maneno hayo matatu ndiyo nitakayoyatetea, na atakayeona nimekosa na ayapime kwa akili.

Kwanza tutazame mahali tulipo. Kyimo iko kandokando ya barabara ya lami itokayo Uyole, karibu na Mbeya, ipitayo Kiwira na Tukuyu, hata kushuka Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Mgeni apitaye kwa basi huiona lami tu, akadhani njia zetu zote ni njema. Lakini mazao hayaoti juu ya lami. Ndizi, chai, kahawa, viazi na maparachichi hutoka ndani, kwa njia za udongo zipandazo kuelekea mlima Rungwe na zishukazo kuelekea mto Kiwira. Udongo wetu ni wa volkano; una rutuba sana, nao ukilowa huteleza kama sabuni. Na kulowa kwake si jambo la siku chache. Nchi ya Tukuyu hupata mvua ipitayo milimita 2000 kwa mwaka, nayo ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinyeshewazo zaidi kuliko zote.

Kwa hiyo gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne si pambo kwetu. Ni daraja kati ya shamba na soko. Likisimama, mikungu huiva njiani, maziwa huchacha, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hubebwa kwa machela usiku. Mtu akisema, "Gari ni langu, likifa limekufa langu," hasemi kweli. Liko mikononi mwake, lakini mzigo wake ni wa watu wengi.

Sasa tuulize magari haya yalitengenezwa kwa kusudi gani, maana anayejua kusudi la kitu hujua namna ya kukitumia. Baada ya Vita Kuu ya pili, Bwana Maurice Wilks, mkubwa wa wahandisi katika kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, akatumia huko Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Ndipo ilipotokea fikira ya kutengeneza gari la mkulima. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Siku zile chuma cha pua kilikuwa adimu, ndiyo sababu mwili wake ulifanywa kwa aluminiamu. Bamba zake nyingi zilikuwa bapa, zikafungwa kwa bolti, hata mtu aweza kulivua gari nguo zake kwa spana chache. Ile tuijuayo sana hapa, iitwayo 109, imepata jina hilo kwa sababu toka ekseli ya mbele hata ekseli ya nyuma ni inchi 109.

Wajapani nao walianza gari lao mwaka wa 1951, na mwaka wa 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Namba 40 ilitoka mwaka wa 1960, na namba 70 ikatoka mwaka wa 1984. Toka mwaka wa 1990 nyingi katika hizo namba 70 zilitiwa injini ya dizeli ya silinda 6, iitwayo 1HZ, ambayo pampu yake hupeleka dizeli kwa chuma kitupu, pasipo kompyuta.

Watu waliobuni magari haya walijua ya kuwa yatakwenda mahali pasipo na karakana. Waliyafanya yafunguke, na waliweka kila kitu mahali ambapo mkono wa mkulima waweza kufika. Basi mtu akinunua gari kama hilo, kisha akatangaza kwamba hatalifungua kamwe, amenunua jembe akaapa kwamba hatainama.

Wapinzani wangu watajibu: "Kila mtu na kazi yake. Seremala hashoni viatu." Jibu hilo lina sura nzuri, lakini halina miguu. Zamani Wanyakyusa walinunua majembe ya chuma kwa Wakinga wa Milima ya Livingstone, waliokuwa wahunzi hodari, na vyungu wakavipata kwa Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa. Kufua chuma hawakukujua sana. Lakini je, mkulima wa Kyimo alimwita Mkinga ateremke milima yote ile ili aje kumtilia jembe mpini, au kulinoa lilipokuwa butu? Kazi ya mhunzi ilikuwa kufua. Kazi ya mwenye jembe ilikuwa kulitunza. Mpaka ulikuwa wazi, na hapana aliyeona aibu. Gari ni vivyo hivyo. Mimi sisemi kwamba kila mwenye gari ajifunze kuchonga kichwa cha injini. Nasema ajifunze kutia mpini.

Na mpini huo ni kitu gani? Ni mambo haya. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini ingali baridi, avute kile kijiti cha kupimia oili, akifute, akirudishe, akivute tena, asome. Afungue kifuniko cha rejeta ikiwa baridi, atazame maji. Apige kifua chini mara moja, atazame kama kuna tone jipya ardhini, na kama lipo, ajue ni la nini: oili ya injini, au mafuta ya breki, au maji. Ashike nati za magurudumu kwa spana, akaze kwa kuvukavuka, yaani nati moja na ile inayoielekea, asikaze kwa kuzunguka kama anayefunga kamba. Kila juma apulize au abadili filta ya hewa, hasa wakati wa kiangazi njia zinapotimka vumbi. Apige grisi katika maungio ya ule mtaimbo uzungukao chini ya gari, ambao mafundi huuita propela. Akiisha kuvuka maji marefu, afungue kizibo cha difu atazame oili. Ikiwa imegeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na oili hiyo yatakiwa kumwagwa siku ile ile.

Hakuna hata jambo moja katika hayo linalohitaji chuo. Lakini tutazame jinsi ndogo inavyozaa kubwa. Tuseme sili ya oili katika habu ya nyuma imechakaa. Ni mpira mdogo wa thamani ndogo. Oili huanza kuvuja kidogo kidogo. Mwenye gari hainami, kwa hiyo haoni. Oili hupenya mpaka kwenye breki, na breki ya gurudumu lile hulegea. Mwendeshaji husema, "Breki zimekuwa nzito siku hizi," akakanyaga kwa nguvu zaidi. Kisha oili ya difu hupungua, gia za ndani huanza kulia, na beringi huungua. Siku gari liliposimama, fundi huandika orodha ndefu, na mwenyewe hulia kwamba fundi ni mwizi. Lakini mwizi wa kwanza alikuwa uvivu wake. Wazee walikwisha kutuonya ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twayasema maneno hayo kila siku huku nyufa zinatona oili chini ya magari yetu.

Tena kuna sababu nyingine ya kujifunza, nayo ni kwamba fundi hayuko ndani ya gari linapoharibika. Wakumbuke wale madereva wa zamani. Tarehe 11 Novemba 1965 Wazungu wachache wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe, na njia ya mafuta ya kwenda Zambia ikazibwa kusini. Ndipo malori yakaanza kupeleka mafuta toka Dar es Salaam kwa njia ya Iringa na Mbeya hata Tunduma. Barabara kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, na watu waliifananisha na jehanamu kwa matope yake na malori yaliyopinduka. Hapo lami ilikuwa haijafika, wala reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka wa 1970 na kwisha mwaka wa 1975. Katika njia kama hiyo dereva asiyejua ila kuendesha alikuwa abiria tu mwenye usukani. Nasi tulio katika njia za ndani za Rungwe, jehanamu yetu hurudi kila masika.

Wapinzani watanijia kwa mlango wa pili: "Sisi si watu wa elimu hiyo, wala hatuna vyombo." Haya, tutazame. Vyombo vya kuanzia si vingi: jeki nzuri, seti moja ya spana, bisibisi mbili, nyundo, pampu ya grisi, taa, na magogo mawili ya mti mgumu. Magogo hayo nayataja kwa makusudi. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake; jeki huteleza, na gari halina huruma. Aweke gogo chini ya ekseli au fremu, azuie magurudumu mengine kwa mawe, ndipo aingie.

Katika spana ajue jambo moja ambalo limeharibu nati nyingi katika wilaya yetu: Land Rover za zamani zilifungwa zaidi kwa nati za inchi, na Land Cruiser kwa nati za milimita. Spana ya milimita yaweza kuingia katika nati ya inchi kwa kulegea kidogo, na mwenye haraka huona imefaa. Akivuta, pembe za nati hulika, nati ikawa duara, na baada ya hapo hutolewa kwa patasi. Hata ile spana moja ya kulegeza na kukaza, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika katika ukurasa huu, si dawa ya kila nati. Itumike kwa shida tu.

Na elimu? Hapa ndipo ninapowashika ninyi wasomaji, kwa sababu ninyi mnajua kusoma. Kila gari lilitoka kiwandani pamoja na kitabu chake. Kitabu hicho chaeleza oili gani itiwe, kiasi gani, baada ya kilomita ngapi ibadilishwe, mkanda wa injini ubadilishwe lini, na upepo wa matairi uwe kiasi gani. Mara nyingi kimeandikwa Kiingereza; na magari yaliyotumika Japani huja na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu kabisa. Nani atatufasiria? Jirani asiyejua kusoma akiletewa barua, twamsomea. Mbona hatumsomei kitabu cha gari lake? Mwalimu mmoja na fundi mmoja wakikaa pamoja jioni mbili, mmoja akisoma maneno, wa pili akionyesha kitu chenyewe, waweza kuandika kwa Kiswahili ukurasa mmoja wa utunzaji, ukabandikwa ndani ya mlango wa gari. Kazi hiyo ni ndogo kuliko barua ya posa.

Kisha pawe na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali inayopotea upesi kuliko zote. Andika tarehe, kilomita, na kilichofanywa: "Oili ya injini imebadilishwa, filta mpya, breki za mbele zimetazamwa." Ule mkanda wa injini ya 1HZ, kwa mfano, hauonyeshi kwa nje siku yake ya kukatika, hujulikana kwa hesabu ya kilomita tu. Mwenye daftari huubadili kwa wakati. Asiye na daftari huambiwa na injini yenyewe, kwa kishindo, na gharama yake ni kubwa mno.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonitia kalamu mkononi, yaani nyongeza. Kipya kinyemi, wasema, ingawa kidonda. Na nyingi za nyongeza zetu ni vidonda vitupu. Ya kwanza na iliyo mbaya zaidi ni kuongeza springi ili kubeba kupita kiasi. Mtu huona nyuma ya gari imeinama kwa mzigo. Badala ya kuelewa kwamba gari lamwambia, "Yatosha," humwendea mhunzi akaongezewa bamba mbili tatu za springi. Sasa gari haliinami tena, naye hudhani limepata nguvu. La, halikupata nguvu, limenyimwa ulimi. Fremu ni ile ile. Ekseli ni ile ile. Shafti za magurudumu, beringi, nati na breki ni vile vile vilivyopimwa kiwandani kwa mzigo wa kwanza. Kilichoongezwa ni uongo tu katikati ya mzigo na macho yake.

Tena nyongeza hiyo huharibu hata kazi ya gari katika matope. Springi laini huliacha gurudumu lishuke katika shimo na kugusa ardhi, likapata mahali pa kushika. Springi ngumu hulining'iniza gurudumu hewani, likazunguka bure, na gari likakwama pale ambapo lingepita. Likirudi tupu, hurukaruka kama mbuzi, likapasua fremu yake na kuumiza viuno vya waliomo. Basi mtu ametoa fedha ili gari lake liwe baya zaidi barabarani na baya zaidi porini.

Matairi makubwa ni hivyo hivyo. Gurudumu likiwa pana na refu kupita lile la asili, injini hupata taabu kulizungusha mlimani, breki hupata taabu kulizuia mteremkoni, na shafti zile za Land Rover kuukuu, ambazo tangu zamani zajulikana kwa kuvunjika, huvunjika mapema zaidi. Hata saa ya mwendo husema uongo, maana huonyesha mwendo mdogo kuliko ule gari linaokwenda.

Sasa tutie hesabu, kwa maana katika breki hesabu ndiyo hakimu. Mzigo ukiongezwa mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara mbili. Mwendo ukiongezwa mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne. Toka Tukuyu hata nchi tambarare ya Kyela njia hushuka zaidi ya mita 1,000. Uzito wote ule, katika mteremko wote ule, hugeuka kuwa moto katika vipande vichache vya breki. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka bila kubadilishwa hunywa unyevu wa hewa. Yakipata moto, maji yaliyomo huchemka na kuwa mvuke. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, na mguu huenda hata chini bila kupata kitu. Kwa sababu hiyo mtu mwenye akili huingiza gia ndogo kabla ya mteremko, injini ishike gari, na breki zipumzike. Na kwa sababu hiyo hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kama kitabu kisemavyo, hata kama yaonekana mazuri machoni.

Lakini wako watu wafanyao jambo ambalo naona haya kulitaja. Gurudumu moja likivuja mafuta ya breki, hawanunui mpira mpya. Huibana paipu ya gurudumu lile kwa koleo, au huipondaponda kwa nyundo, mafuta yasipite. Kisha hufunga safari na breki za magurudumu matatu. Huliita jambo hilo ujanja wa fundi wa porini. Mimi naliita kwa jina lake: ni kumwekea mtego jirani. Gari la namna hiyo likifungwa breki kwa ghafula huvutwa upande mmoja, na upande huo ndipo wapitapo watoto watokao shuleni na akina mama wenye mikungu kichwani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza kuendesha gari bovu. Lakini hata kama sheria isingalikuwapo, na askari asingalisimama njiani, je, dhamiri nayo imebanwa kwa koleo?

Usiseme, "Ni kwa safari hii moja tu, hata nifike mjini." Kila aliyebana paipu alisema hivyo. Gari hilo hilo huonekana baada ya miezi sita, na paipu ingali imebanwa, ila sasa ina kutu.

Mtu ataniuliza: "Je, wewe wakataza nyongeza zote?" La. Nyongeza nyingine ni njema, nami nitazitaja. Kwanza, vyuma imara vya kufungia kamba mbele na nyuma, vilivyofungwa katika fremu yenyewe, si katika bampa, ili gari likikwama livutwe bila kumjeruhi mtu. Pili, bamba la chuma la kulinda chombo cha oili chini ya injini, maana mawe ya njia zetu ni makali. Tatu, vipira virefu vya kupumulia difu, vipandishwe juu, ili difu lenye moto likiingia katika maji baridi lisivute maji ndani. Nne, lile bomba la kuvutia hewa lipandalo hata juu ya kioo. Hilo lina faida ya kweli, kwa sababu maji hayabonyei. Yakiingia katika silinda injini ikizunguka, hupinda vyuma vya pistoni kwa dakika moja. Lakini bomba si mtumbwi. Breki hulowa vile vile, na mto ukifurika hubeba gari pamoja na bomba lake. Dereva ashuke kwanza, apime maji kwa fimbo, na akiona shaka, angoje.

Nyongeza hizo nne zafanana kwa jambo moja: zalinda kile kilichopo. Hazilidai gari lifanye kazi ambayo halikuumbiwa. Hicho ndicho kipimo changu, nami nawapa ninyi mkitumie. Ukitaka kuongeza kitu, jiulize, "Je, kitu hiki chalinda gari na watu, au chataka tu kuongeza mzigo na mwendo?" Na kabla ya yote jiulize, "Je, vya kwanza vyote ni vizima?" Taa nne kubwa juu ya gari lisilo na breki ya mkono ni jino la pembe, na jino la pembe si dawa ya pengo.

Nimewasema wenye magari. Haki yataka niwaseme mafundi pia, na niseme mpaka wa kazi zao. Kazi za ndani ya injini, giaboksi na difu, pampu ya dizeli, usukani, na kuunga fremu kwa moto, ni kazi za fundi aliyefundishwa. Mwenye gari asizijaribu kwa kubahatisha. Lakini akimpelekea fundi gari, na akae karibu. Aombe kile kilichotolewa akishike mkononi, aulize kimeharibika kwa sababu gani. Akiona fremu inaungwa, ahakikishe waya wa betri umetolewa kwanza, umeme wa kuunga usije ukaunguza vyombo vingine. Fundi mwema hufurahi kuulizwa, kwa sababu mwenye gari anayeelewa humlipa bila ugomvi. Fundi akasirikaye kuulizwa, muagane kwa amani. Nao vijana wanaojifunza kandokando ya barabara kwa kutazama tu, wazazi wawasaidie kufika katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo chuo chake kimoja kiko Mbeya. Mkono wa kijana huyo umekwisha kujua mengi. Kilichobaki ni kujua sababu zake.

Wala asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya wanaume. Ndizi za Kyimo kwa sehemu kubwa huuzwa na akina mama, na fedha ya kukodi gari hutoka katika vitambaa vyao. Mama anayelipa nauli ana haki ya kuinama atazame tairi, na kuuliza habari za breki kabla ya kupakia mikungu yake na mtoto wake. Akijibiwa kwa dharau, na angoje gari jingine. Akina mama kumi wakifanya hivyo katika siku moja ya soko, breki nyingi zitatengenezwa juma lile, bila mkutano wala hotuba.

Basi naomba mambo matatu, nami siombi makubwa. Wenye magari wa kila kijiji wachange wanunue pamoja sanduku moja la spana za inchi na za milimita, na jeki moja nzuri, vitunzwe na mtu mwaminifu kwa daftari. Walimu na wengine wanaojua lugha ya vitabu vile waandike kile kikaratasi cha utunzaji kwa Kiswahili, kwa kila namna ya gari iliyopo kijijini. Na kila gari ambalo paipu yake ya breki imebanwa lisipakiwe mtu wala mzigo mpaka limetengenezwa, hata kama mwenyewe ni ndugu yetu, hata kama ni gari la mkubwa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Najua wako watakaokasirika kwa maneno haya, nao wana haki ya kunijibu. Lakini kabla mtu hajashika kalamu kunijibu, na atoke nje kwanza, afungue boneti ya gari lake, avute kijiti cha oili, kisha alale chini atazame paipu nne za breki, moja baada ya moja. Akikuta zote ni nzima, na aandike. Nitamsoma kwa heshima. Akikuta sivyo, barua na ingoje, kwa maana ana kazi ya kufanya.